Lebo zilichanganywa na mfumo wa mume wangu, aliyefukuzwa ni Mwanaidi

Admin, nifichie jina tafadhali. Majina na mikoa nimebadilisha, kwa kuwa humu kuna wanaotujua. Nina miaka thelathini na moja, mama wa mtoto mmoja, tunakaa Magomeni. Nafanya kazi Kariakoo, kwenye ofisi inayosafirisha mizigo ya wafanyabiashara kwenda mikoani. Mimi ndiye ninayeangalia seva na mfumo unaochapa lebo za mizigo. Mfumo huo aliutengeneza mume wangu, na yeye ndiye aliyeniombea kazi kwa bosi.

Miezi ya karibuni lebo zikaanza kutoka na majina ya watu wengine. Mzigo wa Songea unaenda Tabora, mteja anapiga simu anatukana. Nyingi zilitoka kwenye meza ya karani nitakayemwita Mwanaidi, maana ndiye mwepesi kuliko wote, na jioni foleni ndefu huwa ni yake. Nguo za harusi ya binti wa watu zilipopotea njia, bosi alimfokea mbele ya wateja: "Wewe macho yako yapo kwenye simu tu." Akamfukuza palepale. Mwanaidi analea watoto peke yake. Alikusanya vitu vyake huku analia, na mimi nilisimama tu, kwa sababu nilikuwa sijajua tatizo liko wapi. Kila nilipoipima seva ilikuwa asubuhi, na asubuhi haikosei.

Baadaye ndipo nikajiuliza, mbona ni jioni tu, watu wanapobanana? Nikakaa na karani mwingine, tukawa tunabonyeza kuhifadhi kwa pamoja, tena na tena, mpaka lebo yangu ikatoka na jina la mteja wake. Nikafuatilia ndani ya programu, nikapaona. Inampa mteja mpya nafasi kwenye memori ya seva kabla yule wa kwanza hajamalizwa, kama gesti inayompa mgeni chumba ambacho mwenzake bado yumo. Mwanaidi hakukosea hata herufi.

Nilimwambia mume wangu kwanza, nikidhani ataenda mwenyewe kwa bosi. Alifungua kompyuta, akarekebisha akiwa hapo hapo sebuleni. Kisha akasema, "Mama Fahmi, yameisha. Hili likitoka, nani Kariakoo atanipa kazi tena? Mwanao atakula nini?" Nikimgusia tena ananiuliza kama nimeolewa na yeye au na Mwanaidi.

Kinachoniumiza zaidi, sasa lebo zinatoka sawasawa, na bosi anawaambia watu, "Si mnaona? Tangu yule aondoke, mambo shwari." Yaani kule kurekebisha kwa mume wangu ndiko kumemfanya Mwanaidi aonekane mzembe kweli. Aliomba kazi ofisi ya jirani, wakampigia bosi, wakamkataa. Nakala ya programu ya zamani ninayo, naweza kumwonyesha bosi leo hii. Lakini nikitoka hapo nitarudi nyumbani kwa nani?

Jana Mwanaidi kanitumia ujumbe wa sauti. Hanilaumu. Anasema, "Dada, ile mashine unaijua wewe. Niambie ukweli tu, ni mimi niliyekuwa nakosea? Maana siku hizi hata nikiandika jina la mwanangu narudia kulisoma, nahisi akili imeanza kuniruka." Nimeusikiliza mara kadhaa, na sijajibu. Ndugu zangu, nishaurini, nimjibu nini mama huyu?