Kufutwa kwa Yeshimebet

Kwa miaka ishirini na miwili Yeshimebet Desalegn hakukosa mkutano hata mmoja wa idir, chama chetu cha kuzikana. Alikuja na shuka lake jeupe begani, akakaa benchi la nyuma, akatoa mchango wake, na kuondoka kabla ya kahawa kwa sababu alikuwa na injera za kupika, mikate yetu myembamba aliyoiuza. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama yake, Wolela, mgonjwa wa kitandani, na alikuwa na hofu moja tu.

“Mimi nitupwe popote,” alikuwa akimwambia baba yangu. “Ila mama yangu azikwe na watu.”

Baba alikuwa karani wa idir. Daftari lilikuwa na majina ya familia mia moja na arobaini za mtaa wetu hapa Debre Birhan, na nyuma kabisa ukurasa wa walioshindwa kuja mazishini. Kwetu asiyekuja kumzika mwenzake hutozwa faini, isipokuwa alete karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwa mgonjwa. Karatasi hizo baba alizibana kwa pini kwenye ukurasa huo. Mojawapo ilikuwa ya Yeshimebet: kadi ya kliniki ya kifua kikuu, miezi sita ya dawa, picha yake, na mhuri wa kupona. Ilikuwa na umri wa miaka miwili.

Kisha tukapata mwenyekiti mpya, Mengesha, mstaafu wa kiwanda cha mablanketi. Watu walikuwa wakinong’ona kwamba wengine husamehewa faini kwa upendeleo.

“Lipige picha daftari lote,” alimwambia baba. “Litie kwenye kundi la simu. Kila mtu aone nani alikuja na nani hakuja, midomo ifungwe.”

Baba alipiga picha Jumapili mchana, ukurasa kwa ukurasa, akizinyoosha kadi kwa kidole gumba ili zisomeke vizuri. Ni mtu makini.

Jumatano, Zenebech mwenye mkahawa, aliyekuwa akichukua injera arobaini kila siku, alikuja mikono mitupu.

“Etiye,” alimwita kwa heshima, “leo usinihesabie.”

“Kesho?”

“Kesho pia. Wateja wananiuliza injera natoa wapi. Si mimi, dada yangu, ni wao.”

“Nimepona, Zenebech. Mhuri uko hapo hapo kwenye picha.”

“Mhuri nimeuona. Nani atakula mhuri?”

Wiki tatu baadaye Yeshimebet alikuwa akipika injera tatu kwa siku, za kwake na za mama yake. Baba aliifuta picha, lakini ilikuwa imeshaingia katika simu za watu. Ndipo Yeshimebet aliposikia redioni kuhusu sheria mpya ya taarifa binafsi: kwamba ugonjwa wa mtu hautangazwi bila ridhaa yake, na kwamba ipo ofisi Addis Ababa ya kupokea malalamiko. Akaenda kwa mwandishi wa barua anayekaa mlangoni mwa mahakama, akamweleza, akatia kidole gumba chini.

Nyumbani kwetu hatukulala vizuri kwa miezi mitano.

“Utafungwa kwa sababu ya pini,” mama alimwambia baba, na hakuna aliyecheka.

Jibu lilipokuja, halikuwa na kifungo wala faini. Idir ilitakiwa imwombe radhi Yeshimebet mbele ya wanachama, na ifute taarifa zake zote zilizokusanywa bila ridhaa yake. Jumapili ile Mengesha aliomba radhi kwa sentensi moja, akitazama dari. Yeshimebet aliinamisha kichwa. Nadhani aliamini limekwisha.

Jioni hiyo kamati ilikutana sebuleni kwetu: Mengesha, mweka hazina Fikadu, na baba.

“Gashe Alemu, shika kalamu,” alisema Mengesha, akimwita baba kwa heshima. “Futa.”

“Kadi nimeshaitoa, nimemrudishia mkononi.”

“Na jina? Na namba ya nyumba? Na jina la mama yake? Si taarifa hizo?”

“Barua inasema zilizokusanywa bila ridhaa. Jina alilileta mwenyewe.”

“Alisaini wapi? Nionyeshe.”

Baba alipekua kurasa, ingawa alijua hatapata kitu. Hakuna aliyewahi kusaini chochote katika idir. Mtu huja, husema jina lake, huandikwa.

“Basi futa,” alisema Mengesha. “Sishtakiwi mara ya pili kwa ajili ya huruma yako.”

Fikadu alicheka. “Alitaka siri zake. Mpeni siri zake.”

Baba alipiga mstari mzito. Mengesha alisema atamjulisha Yeshimebet, na hakumjulisha. Baba naye alijiambia atangoja mkutano wa mwezi unaofuata, azungumze na wanachama, jina lirudi kimyakimya.

Siku ya kumi na moja, Jumatano asubuhi, Yeshimebet aligonga lango letu.

“Gashe, mama amepumzika. Mwambie mpiga tarumbeta atangaze msiba.”

Baba alisimama na taulo shingoni. “Yeshi, jina lako halimo.”

“Halimo wapi?”

“Daftarini. Ile barua ilisema…”

“Barua niliiomba mimi, Gashe! Niliomba kadi itolewe.”

“Najua.”

“Ulijua lini kwamba nimefutwa?”

“Siku ileile.”

“Na kila asubuhi unapita mlangoni kwangu kwenda kanisani.”

Baba alikwenda kwa Mengesha akiwa na viatu visivyofungwa. Alirudi na jibu: hema, mabenchi na masufuria ni vya wanachama, Mengesha akivitoa kwa asiye mwanachama, wanachama watamshtaki yeye, sasa nchi ina sheria. Tarumbeta haikupigwa. Na kwetu bila tarumbeta hakuna anayefunga duka. Wengi hawakujua kweli. Waliojua walishukuru kwamba wangeweza kusema hawakujua.

Wolela alizikwa na watu saba, tukiwahesabu padri na shemasi wake. Waliobeba jeneza walikuwa baba na vibarua watatu waliotolewa kwenye jengo la jirani, vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi zao. Zenebech alisimama mbali, penye mikaratusi, shuka limeziba mdomo.

Matanga kwetu ni siku tatu. Yeshimebet aliazima viti sita, akavipanga mlangoni, akakaa. Baba alikwenda kila siku na kuketi. Hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Siku ya tatu baba alimwambia kwamba amezungumza na baadhi ya wanachama, na hawana kinyongo. Atamwandika upya kwenye ukurasa mpya, na safari hii kutakuwa na mahali pa kusaini.

“Uje Jumapili usaini, Yeshi.”

Alimtazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka.

“Nisaini ili nimzike nani, Gashe?”

Akainuka, akaingia ndani kukunja matandiko ya mama yake.