Walioniambia Nilale

Majambazi watatu waliingia dukani saa nne asubuhi, nikimpimia mteja misumari. Duka lilikuwa la Kalasinga mmoja hapa Kitale, la mabati na simiti, na nilikuwa nimelifanyia kazi miaka tisa. "Lala! Lala chini!" Nililala papo hapo. Mwenzangu wa kupakia simiti alidhani ni mzaha, akageuka kuuliza ni nani analala saa za kazi. Walimkata panga shingoni, kisha kichwani, akaanguka kando yangu. Damu yake ilinifikia shavuni ikiwa bado moto, nami sikuinua uso. Alikoroma muda mrefu kabla ya kunyamaza.

Tangu siku hiyo usingizi ulinihama. Kila mtu akawa daktari wangu. Jirani mmoja alisema ni majani mengi ya chai, mwingine akanielekeza mtaa wa Kipsongo nikapige chang'aa glasi mbili. Nilipiga nne. Chang'aa inaangusha mtu, hailazi: baada ya saa mbili nilikuwa macho, moyo unanidunda, nimelowa jasho. Mchana nikajilaza juu ya mifuko ya simiti, na Kalasinga akanihurumia, akaniacha. Usiku macho makavu. Nikanoa panga, nikaliweka chini ya mto, nikajiona mwanamume.

Mke wangu ni wa Sirisia, na kwao l na r hubadilishana nafasi bila kuomba ruhusa. Alipoolewa alikuwa akiniambia, "Rara, baba watoto, umechoka." Mimi, mzaliwa wa Kitale, mwingi wa kujidai, nilimcheka mbele za watu mpaka akanyoosha ulimi. Akawa anasema "lala", safi kabisa, kama mtangazaji wa redio. Nilijivunia ujinga huo.

Jioni moja, chakula bado kiko jikoni, nilikuwa nimeketi kitandani nikisinzia. Aliniwekea mkono begani. "Lala," akasema.

Nilimpiga ngumi ya mdomo, akaanguka. Nikamkanyaga tumboni. Panga sikumbuki nililitoa lini. Alikinga uso kwa mkono wake wa kushoto, na panga likaingia hadi mfupa ukaonekana. Binti yetu alisimama mlangoni na sufuria ya mboga, analia "Baba, ni mama huyo." Hapo ndipo nilipomwona niliyekuwa namkata.

Alishonwa, akaenda kwao na mtoto. Baba mkwe akanipigia simu. "Ukikuja hapa na hiyo shida yako, na mimi nitakukata. Enda kwanza hosipitari." Nilimkasirikia juma zima. Kisha hasira ikaisha ikabaki hofu: asiporudi nimempoteza, na akirudi nitammaliza.

Daktari niliyempata alikuwa binti mdogo, na nilitaka vidonge tu. Yeye akataka habari. Unakunywa nini? Saa ngapi? Mchana unalala wapi? Chini ya mto kuna nini?

"Panga."

"Na unategemea kulala juu ya panga, mzee wangu?"

Aliniambia nilitoe chumbani siku hiyo hiyo. Chang'aa niache kabisa, chai isipite saa sita mchana. Nisijilaze kwenye simiti hata macho yakiniwasha, niamke saa ile ile kila siku, na usingizi ukikataa nitoke kitandani nikakae mpaka uje wenyewe. Niliyaona mambo ya kitoto. Kisha akauliza mke wangu alisema nini kabla sijampiga. Nikamwambia. Akauliza wale wa dukani walisema nini.

Niliigonga meza yake kwa ngumi hadi kalamu zikaruka. Nililia kwa hasira. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimemfundisha mke wangu kulitamka vizuri neno la wauaji.

Kila Alhamisi daktari alinitaka nisimulie lile tukio mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza nilivunja kiti chake. Ilichukua miezi kufika mahali ninaposema "alikoroma" bila kusimama. Panga nilimpa jirani akatie ng'ombe nyasi. Usingizi ukaanza kurudi, wa saa tatu, kisha wa saa tano.

Nikaenda Sirisia bila harufu ya pombe. Mke wangu alitoka amevaa sweta ya mikono mirefu, na jua lilikuwa kali. Nilimwomba msamaha, nikamwomba pia aseme neno lile kama zamani, kwa r.

"Si ulinichekelea," akasema. "Ati saa hii ndio unaitaka."

Lakini alirudi. Nikalala usiku kucha, kila usiku, nikanenepa, na pale kazini nikawahubiria watu kuhusu chai na chang'aa hadi wakanichoka. Nilidhani tumepona.

Juzi niliamka alfajiri kabla ya saa yangu. Upande wake wa kitanda ulikuwa baridi. Alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, blanketi mabegani, viatu miguuni, anatazama mikono yangu.

"Mbona umeamka mapema hivi?"

"Sijaamka."

"Umekaa hapo tangu lini?"

Alikuwa amerudi kwangu miezi minne iliyopita.

"Tangu nirudi," akasema. "Mimi huwa narara mchana, ukishaenda kazi."