Nguzo ya Kumi na Saba

Kwa miaka thelathini na sita kazi ya Mgongaji ilikuwa moja tu: kutembea juu ya daraja la reli na nyundo ndogo, akigonga ribiti, zile pini nene zinazoshikanisha vyuma. Unagonga mara mbili, unasikiliza. Ribiti nzima hulia kama kengele. Iliyolegea hutoa sauti ya kopo lenye mchanga. Nzima unaitia nukta nyeupe, mbovu unaizungushia duara jekundu, mafundi waje waing'oe. Watu walimcheka kwamba analipwa kubisha hodi kwenye vyuma. Na wacheke. Treni iliyojaa wake zao na watoto wao ilitegemea masikio yake kila siku.

Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa mpaka rangi wa daraja hilohilo, na kazini walimwita Brashi. Walifuatana, huyu mbele akigonga, yule nyuma akipaka. Mgongaji akigonga mara mbili, Brashi alimjibu mara moja kwa mpini wa brashi: ko. Utani wa mashemeji tu. Kila asubuhi dada alimsindikiza mumewe mlangoni kwa maneno yaleyale, funga mkanda, funga mkanda, ule wa kumshikiza kwenye daraja asianguke, hata majirani wakayajua.

Brashi alianguka mtoni miaka thelathini na moja iliyopita. Alianguka penye nguzo ya kumi na saba ya kizuizi cha pembeni, na nguzo ikaenda naye; kilichoopolewa ni mwili tu. Ikawekwa nyingine, na hapo ndipo pana balaa la mzee huyu: akiigonga, hujibiwa. Mgongaji si mshamba. Anajua chuma hutanuka juani. Anajua adhuhuri daraja lile huongezeka urefu kwa upana wa vidole viwili, ndiyo maana ncha yake moja imelazwa juu ya magurudumu, na anajua kutanuka huko kuna milio yake. Lakini mbona nguzo ya kumi na sita haisemi kitu?

Alipobakiza miezi michache kustaafu, daraja likapangiwa ukarabati, na mhandisi aliyetumwa kuandika historia yake akawa mpwa wake mwenyewe, binti wa Brashi, aliyezaliwa siku ileile baba yake alipokufa. Asubuhi nzima walitembea pamoja. Mjomba akamweleza jinsi wajenzi walivyoanza kila upande wa mto wakakutana katikati. Jinsi ribiti zilivyopashwa moto hadi zikawa nyekundu, zikarushwa hewani, zikadakwa kwa kopo na kupondwa zingali laini, ili zikipoa zijikaze zenyewe. Mpwa aliandika, akauliza, akacheka. Alikuwa na cheko la baba yake, na mjomba alitamani asicheke.

Wakafika nguzo ya kumi na saba.

"Ni hapa, eh?" mpwa aliuliza bila kuinua kichwa. "Nitaandika kama tume ya uchunguzi ilivyosema. Mpaka rangi alikalia kizuizi bila mkanda, uzito wake ukang'oa nguzo. Uzembe wa mfanyakazi."

"Haya, andika," alisema Mgongaji. Akaigonga nguzo mara mbili, kwa mazoea tu.

Ko.

Mpwa akageuka. "Nani huyo?"

Miaka yote hiyo alidhani anaisikia peke yake. Akashika chuma.

"Usiandike hivyo, mwanangu. Siku ile mlinzi wa getini alikuja kuniambia mama yako kashikwa na uchungu. Nilikuwa nimebakiza nguzo tatu. Nikazitia zote nukta nyeupe bila kugonga, nikakimbia. Nilipompita baba yako alinionyesha mkanda wake, kaufunga kwenye nguzo hii ya kumi na saba. Akaniambia nimtangulie, nimsalimie mtoto. Tume iliponiuliza kama nilimwona amefunga, nilisema sikumbuki."

"Kwa nini?"

"Ningesema alifunga, wangejua nguzo ilikuwa mbovu na nukta zangu ni za uongo."

Mpwa akafunga daftari. Hakumfokea, na mzee angependa afokewe.

"Nitaandika ulivyosema," alisema. "Ila kwanza utamwambia mama. Sasa hivi."

Dada yake walimkuta sebuleni akipiga pasi. Picha ya mumewe haikuwahi kutundikwa nyumba ile. Ilikaa kwenye droo, chini ya mashuka. Mgongaji alisema yote akiwa amesimama mlangoni. Pasi iliendelea kwenda na kurudi, mpaka alipofika kwenye mkanda.

"Alikuwa ameufunga?"

"Aliufunga, dada."

Akaisimamisha pasi. "Miaka thelathini na moja nimemnunia marehemu. Nikasema, mwanamume gani huyu, nimwambie kila siku, anidharau siku mtoto wake anazaliwa. Hata kaburini kwake nilikuwa naenda kwa ajili ya macho ya watu."

Akaingia chumbani. Walisikia droo ikivutwa. Alirudi na picha na msumari, akamnyooshea kaka yake mkono.

"Nyundo."

Mgongaji akampa. Dada akapiga msumari ukutani mara mbili. Mzee akatega sikio, maskini, akasubiri. Hakuna aliyejibu.

Dada akaitundika picha, akainyoosha ikae sawa. "Sasa nenda, kaka," alisema bila kugeuka. "Nataka kukaa na mume wangu."