Jina la Bibi Harusi

Huseni ameuza vipuri vya magari Buyenzi miaka thelathini, na ubishi wake unajulikana mtaa mzima. Kiharusi kilipompiga mwaka jana kilimlegeza mkono wa kulia, ubishi kikauacha palepale. Lakini kilimvurugia maneno. Akitaka chumvi, anaomba sukari. Akimwita Amira, kitinda mimba wake, mdomo unatoa Fatouma, ambaye ni dada mtu, ameolewa zamani na ana watoto watatu.

Sasa Amira anaolewa na Anouar, na wa kutamka maneno ya kumwoza ni baba. Djibril, mdogo wake Huseni, akashauri kwa upole kwamba yeye awe wakili wake, atamke kwa niaba yake. Dini inaruhusu, na wangeepuka aibu ya kumwoza mke wa mtu mbele ya msikiti mzima.

"Apana," Huseni akasema. "Mi ndiye baba. Nitasema mi mwenyewe."

Ilimuuma kuonekana mjinga. Aliyemwelewa ni Daphrose, muuguzi anayewafundisha wagonjwa kusema tena. Alimweleza kwamba maana haijapotea kichwani. Ubongo huyaweka jirani maneno yanayohusiana, kama yeye anavyopanga vipuri dukani, na sasa akinyoosha mkono anachukua cha pembeni. Asilikimbilie neno, aanze na yale anayoyajua kuhusu kitu chenyewe, neno litafuata. Basi wiki sita nzima Huseni alishika kikopo jikoni akitaja mchuzi, kidonda kinachowasha, samaki wa kukausha, mpaka neno chumvi likatoka. Wa nyumbani walichoka kumsikiliza. Yeye hakuchoka.

Siku ya ndoa, sheikh akawashikanisha mikono yeye na Anouar.

"Nimekuoza binti yangu..." Fatouma akamjia ulimini. Akamrudisha. Djibril akasogea karibu. Huseni akaanza upya, polepole.

"Binti yangu... yule nilimuadhinia mi mwenyewe kwa sikio. Yule anakandaka huu mukono kila asubui."

Sheikh akasema yatosha, kila mtu amemjua. Watu wakashusha pumzi. Huseni akatikisa kichwa, akaukaza mkono wa Anouar kwa vidole vilevile vilivyolegea, jasho likimtiririka.

"Amira," akasema.

Anouar akajibu kwamba amekubali, na sauti yake ilitetemeka kuliko ya mkwewe.