Stika ya Supa Basi

Mimi sijui kukaa. Mama husema nilizaliwa na mchecheto, na simbishii. Nilipokuwa nikienda kwake, kijijini kule Suma, chai haijamiminwa nimeshainuka, nimefagia, nimekagua bati linalovuja, nimeshika hiki nimeacha kile. Na kila nikiinuka, jicho langu lilikuwa linatua palepale, kwenye spika za sabufa ya marehemu baba, kwenye zile stika zilizokuwa zinabanduka.

Baba alizileta mwenyewe kutoka Tukuyu mjini, mzima wa afya, akafungua boksi sebuleni sote tumesimama tunatazama. Sabufa na spika zake mbili ndefu, nyeusi, zinang'aa, na kila spika ina stika ya rangi ya fedha iliyoandikwa SUPER BASS. Baba akasoma kwa sauti: supa basi. Akasema watu wamemcheka miaka yote kwamba hana hata baiskeli, haya sasa, amenunua basi. Tulicheka mpaka mama akashika mbavu. Halafu baba akatoa amri kwamba stika zisiguswe na mtu.

"Kitu kikishatoka stika ni mtumba," alisema.

Kwetu hiyo si ajabu. Kwetu friji hukaa na nailoni yake, godoro hivyohivyo, na televisheni hutazamwa na karatasi yake ya kwenye kioo mpaka watangazaji wote waonekane wana mafua. Baba akaiwasha sabufa kidogo, sauti ya chini kabisa, eti isichoke. Akaizima. Mama akaifunika kitambaa alichokifuma kwa mkono. Mvua za mwaka huohuo hazijakatika, baba akaugua ghafla, akafariki. Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba, tukamjengea kwa marumaru nyeupe.

Tangu hapo sabufa haikuwashwa tena. Ukiuliza, mama anakwambia ni mpya. Miaka inakwenda, ni mpya. Mgeni akiingia anaambiwa karibu sana, ila asiegemee pale, ledio mpya hiyo. Mimi nilikuwa naumia na kukasirika kwa pamoja, maana nilielewa hesabu yake. Kama sabufa ni mpya, basi aliyeinunua katoka juzi tu.

Lakini Rungwe bwana, unyevu wake hauna adabu. Ukungu unaingia sebuleni bila kupiga hodi, viatu vinaota kuvu chini ya kitanda, chumvi inageuka maji. Gundi gani ya kiwandani itahimili? Stika zikaanza kuinuka pembeni. Mama akazigandisha kwa utomvu wa mgomba, kama tulivyokuwa tukibandika picha kwenye madaftari ya shule. Tena ni yeye huyohuyo aliyetuchapa tulipokuwa wadogo kwa kuchezea migomba tukiwa na nguo za kanisani, kwa sababu utomvu ukikauka unakuwa mweusi na hautoki ng'o. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote, akapaka tu. Zile stika za fedha zikawa na kingo nyeusi kama kucha za mtu aliyetoka shambani. Nikamnunulia gundi ya dukani. Akaipokea, akashukuru sana, akazibia ndoo iliyotoboka.

Unyevu huohuo ukamwingia kifuani. Masika ya mwaka jana alilazwa. Daktari aliniita pembeni, akaniambia bila kuzunguka kwamba mama akipitisha masika nyingine katika nyumba ile, tusije tukalaumiana. Mimi nafundisha Chimala, kule Usangu, jua linawaka mpaka unaomba kivuli. Nikamsihi mama aje akae kwangu. Akasema hawezi kuacha vitu vipya ndani vyenyewe. Nikasema tutavibeba. Akasema vitakwaruzika njiani. Ikawa hivyo kila nikienda, yeye anakohoa, mimi nabembeleza, na mvua inapiga bati juu yetu.

Stika ya spika moja ilishadondoka zamani, nadhani panya waliibeba. Ya pili ilikatika katikati, upande wa SUPER ukapotea, ukabaki BASS. Mama, ambaye husoma kwa kuburuza kidole chini ya herufi, aliniita siku moja nione.

"Imebaki basi," akasema. Nilitaka kucheka, lakini yeye hakucheka.

Mwaka huu, mawingu yalipoanza kuulalia mlima Rungwe, nikachoka kusihi. Nikakodi kirikuu ya kubeba mizigo pale Kiwira, nikaenda nayo bila kumpa taarifa. Nilimkuta jikoni ameshika nguzo ya mlango, anakohoa, bega zima linatikisika. Sikungoja hata salamu ziishe. Nikaanza kutoa vyombo, dereva akipokea na kupanga. Mama akanifuata nyuma mpaka mlango wa sebule. Nikafika kwenye sabufa, nikaondoa kitambaa, nikaikumbatia spika, na kile kipande cha stika kikaachia. Sikukivuta. Kilidondoka chenyewe sakafuni, na mama alikuwa amesimama mlangoni.

Nikajua safari imekufa.

Mama akainama taratibu, akakiokota, akakigeuza huku na huku. Akachukua kisu, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akichanja shina la mgomba na kuchovya kidole kwenye utomvu. Hapo hasira ilinipanda kweli. Nikajisemea haya, anarudi kuibandika, mchezo unaanza upya, na tutakaa hapa tunatunza stika mpaka masika imbebe na yeye. Nikaiweka spika chini, nikatoka nikamwambie yote niliyokuwa nimeyameza miaka hiyo.

Lakini hakurudi ndani. Aliupita mlango, akaenda kwenye kaburi la baba. Akapangusa marumaru kwa pindo la kitenge, akakibandika kile kipande pale kichwani, akakikandamiza kwa kiganja na kungoja kishike. Alikuwa akizungumza na baba kwa Kinyakyusa, sauti ya chini, mengine sikuyapata. Mwishoni nilisikia ndaga, ndaga, asante. Kisha akanigeukia.

"Sasa ni mtumba," akasema. "Twende."

Neno la kumng'oa mama pale nililitafuta miaka yote hiyo, kumbe ni hilo. Niliketi kwenye majani mabichi nikalia kwa sauti. Mama ndiye aliyenihimiza, eti dereva wa watu anangoja na mimi nakaa chini na sketi safi.

Tulifika Chimala, nikazipanga spika sebuleni kwangu. Mbele ya kila moja kuna alama nyeusi ya pembe nne, utomvu ulipokuwa. Nimesugua kwa sabuni, haitoki, nimeacha. Kesho yake mchana mama akaniuliza nangoja nini. Nikamuuliza kivipi. Akasema niwashe. Nikaiunganisha, nikatafuta redio, kukawa na kwaya, nikaweka sauti ya chini kabisa, ya baba.

"Ongeza," mama akasema.

Nikaongeza.

"Ongeza, mwanangu. Unaogopa nini, mtumba huo."

Nikazungusha mpaka mwisho. Vioo vya dirisha vikatetema, jirani akachungulia kwenye ua. Mama alikuwa ameegemea spika kwa bega, macho ameyafumba, anaimba. Kwa mazoea nikatega sikio nisikie kama anakohoa. Sikuweza kusikia, ile kwaya ilikuwa imejaa nyumba nzima. Nikavuta kiti, nikakaa.