Nani Amezijaribu Funguo Zote?

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka mwili hunisisimka, ingawa sasa nina wajukuu na meno kadhaa nimeshayaaga. Ilikuwa Alhamisi, mchana wa jua kali, hapa Kariakoo, kwenye kichochoro cha nyuma ya duka la shangazi yangu. Siku hiyo nusura nimuue mtu, na silaha niliyoishika ni mdomo wangu tu.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana ulinisomea kwenye simu kwamba chembe za theluji hazifanani, kwamba tangu dunia iumbwe hazijaanguka mbili zilizo sawa. Nikakuuliza, nani kazitazama zote? Ukacheka, ukasema, "Bibi naye! Hiyo ni sayansi." Mimi theluji naijua kwenye picha za Kilimanjaro, na barafu niliyoizoea ni ile inayoganda kwenye friji letu mpaka mlango unagoma kufunga. Kwa hiyo sibishani nawe. Umesema kila chembe hujijenga huko juu ikipeperushwa huku na kule, na njia ya hii siyo njia ya ile. Hilo naweza kuliamini. Lakini uliposema "haiwezekani zikafanana," kwa ile sauti ya mtu aliyefunga mjadala, niliisikia sauti yangu mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na miwili. Ndiyo maana nilinyamaza, ukadhani nimenuna.

Shangazi alikuwa na duka la kanga na vitenge, na ng'ambo ya kichochoro alikodi stoo. Stoo zilikuwa nane zimepangana, milango yote ya bati, yote imepakwa rangi ya bluu. Dukani tulikuwa wawili, mimi na Zuhura, binti wa Buguruni, mpole wa maneno ila akikutania utacheka mpaka ushike mbavu. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka sita, mchana tunakula sahani moja. Wiki mbili kabla ya siku hiyo kufuli letu la zamani lilikufa kwa kutu, shangazi akanunua jipya, yale ya rangi ya dhahabu yaliyokuwa yakiingia mjini kwa makatoni. Lilikuja na funguo mbili. Mmoja akanipa mimi, mmoja akampa Zuhura, kila mtu akauvaa shingoni kwa kamba. Kisha akasafiri kwenda Tanga msibani, akaniachia duka kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye mkubwa hapa," aliniambia, na kichwa changu kikavimba.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo tulipokea robota la kanga, doti sitini, sare ya harusi ya familia moja ya Upanga. Wenyewe walikuwa waje kulichukua alasiri. Tukaliingiza stoo, tukafunga. Saa tano hivi Zuhura alitoka kidogo kwenda kununua uzi. Adhuhuri nikaenda kulitazama lile robota, kwa kujishebedua tu na ukubwa wangu. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri, halina hata mkwaruzo. Nilipofungua, sakafu ilikuwa tupu.

Sikufikiri, mwanangu, niliogopa. Nilikuwa namwogopa shangazi kuliko nilivyomwogopa Mungu, naye Mungu anisamehe. Na hofu ikikosa pa kwenda humtafuta mtu. Hesabu yangu ilikuwa fupi: kufuli halikuvunjwa, kwa hiyo lilifunguliwa kwa ufunguo. Funguo ni mbili na mmoja ninao mimi. Nilijiona nina akili kweli. Wazee walisema akili nyingi huondoa maarifa, lakini nani anawasikia wazee akiwa na ufunguo shingoni?

"Zuhura, robota liko wapi?"

"Si liko stoo?"

"Usinifanye mtoto. Saa tano ulikwenda wapi?"

Alinitazama akidhani namtania. Alipoona sitanii, akashika ule ufunguo wake shingoni, kama mtu anayehakikisha bado upo. Mimi nikakichukua kitendo hicho kuwa ushahidi.

"Wallahi sijafungua," alisema. "Niulize vizuri basi, mbona unapiga kelele?"

"Kikulacho ki nguoni mwako!" nikazidisha. Na Kariakoo ukipaza sauti hukosi wasikilizaji. Walitoka wachukuzi, wakatoka wauza mitumba, wakatoka watu ambao hata hawakujua kimepotea nini. Neno "mwizi" sikulitamka mimi. Nimejitetea hivyo kwa miaka mingi. Lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeliwekea kiti, likaja likakaa.

"Apekuliwe!"

"Apekuliwe nini, mzigo si keshaupitisha! Aseme kampa nani!"

Mkono mmoja ukamvuta mtandio, ukachanika. Mwanamume mmoja kifua wazi alikuwa na kipande cha nondo, anakigonga polepole kwenye ukuta, ko, ko, ko. Zuhura alikuwa ameegemea mlango wa bluu, mikono ameifumbata kifuani. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Ningesema neno moja tu, "Basi jamani," huenda wangetulia. Sikulisema. Nilishajiaminisha kwamba yeye ndiye, na kurudi nyuma mbele za watu niliona aibu.

Ndipo akaja Mzee Sefu. Huyu alikuwa fundi wa funguo, anakaa mwisho wa kichochoro na meza yake ndogo, jiliwa moja la kubania vyuma na tupa tatu. Alijipenyeza katikati ya watu akisema, "Nipisheni, magoti yangu hayana haraka." Akafika, akanitazama, akasubiri salamu. Mpaka nikakumbuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemwona akichukua?"

"Sikumwona. Lakini hakuna mwingine mwenye ufunguo."

"Nani kakwambia?"

"Mzee, kila kufuli na ufunguo wake! Ufunguo wa kufuli lingine utafunguaje la kwetu? Haiwezekani."

"Umezijaribu zote?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kicheko kikavu. Zuhura hakucheka.

Mzee Sefu aliomba ufunguo wangu, akauinua juani ili kila mtu auone. "Huu una meno matano," alisema. "Kila jino hukatwa kwa vina vitatu, vinne tu. Mwenye kiwanda akishamaliza kuyapanga yote, anafanyaje? Anaanza upya. Kuumba bila kurudia ni kazi ya Mungu, hii ni kazi ya watu. Haya, nani ana kufuli la dhahabu kama hili? Leteni funguo."

Wakaanza kupapasa mifuko na pindo za kanga. Kumbe karibu kichochoro kizima kilikuwa kimenunua kufuli lile lile. Mzee akakaa kwenye kreti la soda, kufuli letu mkononi, akawa anajaribu mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama anachambua mchele. Wa mama muuza vyombo uliingia, ukakataa kuzunguka. Wa pili ukakataa. Wa tatu haukuingia kabisa. Wa nne, wa tano.

"Mzee anatupotezea muda huyu," akasema yule wa nondo.

Wa sita ukakataa. Wa saba. Nitakuambia jambo, mwanangu, ambalo nimewahi kumwambia mtu mmoja tu: nilikuwa naomba zikatae. Kila ufunguo uliogoma nilipumua. Nilikuwa naomba rafiki yangu awe mwizi ili mimi nisiwe mwongo. Ukitaka kuujua moyo wa binadamu ulivyo, uutazame hapo.

Wa kumi na mbili ulikuwa wa Hamadi, muuza kahawa. Mzee akautia, akauzungusha. Kufuli likafunguka.

Nikadhani yamekwisha. Lakini umati hauelewi haraka hivyo. Umati ulikuwa unataka mtu, na sasa umepewa mwingine. "Kumbe ni huyu!" Mikono ile ile iliyokuwa kwa Zuhura ikahamia kwa Hamadi. Birika lake la kahawa likapinduka, mkaa ukatawanyika chini, naye anapiga kelele, "Jamani nimekaa hapa tangu alfajiri, mmekunywa kahawa yangu wote!"

"Ngojeni!" Mzee Sefu alisimama. Sikujua kama mzee yule ana sauti kubwa kiasi hicho. Akalifunga tena kufuli kwa kidole gumba mbele ya macho ya wote. Halafu akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa ufunguo wake mwenyewe, wa sanduku lake la zana. Akauzungusha, kufuli likafunguka.

"Haya," akasema. "Sasa tuko watatu. Mnaanza na nani?"

Yule wa nondo alitazama ufunguo uliokuwa mkononi mwake, bado haujajaribiwa, akautumbukiza mfukoni haraka na kuondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu ghafla ana shughuli.

Zuhura alivua kamba shingoni, akauweka ufunguo juu ya kreti, akajitanda kile kipande cha mtandio kilichobaki, akaenda zake. Nilimwita, hakugeuka.

"Mzee," nikasema, "mimi nilidhani..."

"Binti," alinikata, wala hakupaza sauti, "nimekaa na funguo miaka arobaini, na hilo neno 'haiwezekani' ulilolisema wewe leo sijawahi kuthubutu kulisema."

Akarudi kwenye meza yake. Angenichapa kofi ningeshukuru.

Robota lilirudi alasiri juu ya mkokoteni. Mchukuzi mmoja mtu mzima, wa duka la jirani, alitumwa kuchukua robota la mashuka kwenye stoo ya tajiri wake, alipeleke kwa mteja Ilala. Milango ile inafanana, akakosea kuhesabu, akaja kwenye wetu, akatia ufunguo wao. Walipofungua mzigo Ilala wakakuta kanga. "Ufunguo ulifungua, dada," aliniambia huku anajifuta jasho, "nikajua ndipo." Yeye na mimi tulikuwa tumekosea kosa moja. Tofauti ni kwamba lake lilirudishika kwa mkokoteni.

Watu wa Upanga walikuja, wakahesabu doti zao, wakasifu rangi, wakaondoka na furaha yao. Shangazi aliporudi hakukuta kilichopungua dukani isipokuwa mtu mmoja.

Ijumaa, baada ya swala, nilikwenda Buguruni. Nilimkuta Zuhura kwenye chumba alichopanga na mama yake, anapepea jiko. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanipa maji. Ukarimu ule uliniuma kuliko matusi. Nililia, nikamwambia yote, hata lile la kuomba funguo zikatae.

"Nimekusamehe," alisema, bado anapepea. Kisha akaacha kupepea. "Lakini nikuulize. Lile kufuli ulikuwa nalo wiki mbili, mimi ulikuwa nami miaka sita. Ilikuwaje ukaliamini kufuli?"

Nimetafuta jibu mpaka nimezeeka. Hakurudi dukani. Tulipokutana njiani tulisalimiana kwa heshima, tukaulizana hali za watoto, kama watu waliowahi kupanga nyumba moja zamani. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, hata kama aliyemwagiwa amekusamehe na nguo zimekauka.

Sasa nasaha yangu ni hii. Ya theluji sema upendavyo, maana theluji haipigwi nondo. Huenda kweli hazifanani hata mbili, na Aliyeziumba ndiye ajuaye. Lakini neno "haiwezekani" ni neno zito, na mtu akilizoea kwenye mambo madogo, siku moja humtoka mbele ya mtu. Kabla hujalitamka, jiulize umejaribu funguo ngapi. Ukiwa umejaribu mmoja, sema umejaribu mmoja; hiyo si aibu, na kuuliza si ujinga. Usione haya kurudi nyuma mbele za watu, kwani kile kimya changu kilikuwa kibaya kuliko kelele zangu. Na ukijikuta unaomba mwenzako awe na hatia ili wewe uwe na haki, funga mdomo, ukatie udhu, ukae peke yako mpaka kipite. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kina dawa.

Nenda mwanangu. Mungu akukuze, akupe elimu nyingi na akuachie nafasi ndani yake ya kusema "sijui." Akupe marafiki wa miaka, na akutie nguvu ya kuwaamini. Na siku utakayosingiziwa wewe, maana hakuna anayezaliwa akafa asisingiziwe, katika watu wote watakaokuzunguka, akujalie mmoja wa kuuliza kama Mzee Sefu.