Hodi ya Nne

Kwa muda mrefu kiungo changu kilichojulikana zaidi hapa Doha kilikuwa kisogo. Katika tangazo la duka la fanicha, yule mwanamke anayepita nyuma ya kochi ni mimi. Katika tangazo la kahawa nilitoa mkono, wa kulia peke yake, na hata huo waliutaka usiwe na hina. Mara moja nilikaa uwanjani na watu chungu nzima tukashangilia bao ambalo halikufungwa, jua likitupiga utosini, na uso wangu ukatokea mdogo kama punje ya ufuta.

Kila kitu nilikituma nyumbani Unguja, mama akione. Mama aliangalia, akamrudishia dada yangu simu, akasema kwa sauti ya kunifikia: "Mwigizaji gani huyo hana uso wala ulimi? Mie nilimzaa na vyote viwili." Kisha, kwa kuwa hapendi kumaliza kwa ubaya, akaongeza: "Siku nikikusikia unasema neno likaniingia, hapo ntakwita mwigizaji. Kabla ya hapo wewe mtandika vitanda, na ni kazi ya halali, usiionee haya."

Siionei haya. Ni kweli natandika vitanda hotelini. Lakini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikaapa nitapata sehemu ya kusema, hata iwe ya maneno mawili, na mama atanisikia.

Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinamia mivungu ya ghorofa nzima na nilichokipata ni soksi za watu. Lakini humo vyumbani ndimo nilimojifunzia. Mgeni akishatoka, nalia mbele ya kioo cha bafuni huku nakifuta, nagombana na mito, naomba msamaha kwa pazia. Msimamizi wangu, mama mmoja wa Kifilipino, alinifumania siku moja nikilifokea kabati, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ukweli. Tangu hapo ndiye anayenipangia mapumziko yangu yaangukie siku za usaili.

Habari ya filamu ililetwa na mwenzangu wa chumba. Tunapanga pamoja mtaa wa Najma. Yeye ni Mkenya wa Nakuru, mlinzi kwenye jumba la maduka, na mdomo wake haupumziki.

"Manze, cheki hapa," akanisogezea simu. "Wanataka madem wawili wa East Africa waigize masista. Na ni Kiswahili, si Kizungu. Hii ni yako."

Ilikuwa filamu fupi. Dada wawili wanafanya kazi Doha, wamegombana na hawasemezani. Mkubwa anafunga safari mpaka Al Rayyan kwa mdogo wake kutafuta suluhu. Usaili ulikuwa katika jumba moja Al Thumama, ambako kila ndege ikipita juu watu wananyamaza wangoje. Mwongozaji alikuwa kijana wa Kiarabu, mpole, asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Akanieleza kwa Kiingereza: upo nje ya mlango, mdogo wako yumo ndani, maneno ni yako mwenyewe, ingia umwambie umekuja kuzungumza. Kwenye kochi alimkalisha msichana wa ofisini awe ndiye mdogo wangu, akamwambia asiseme kitu.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya kumliza simba. Nikasimama nje ya mlango.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi hodi!"

Kimya. Nikangoja kidogo kwa adabu, nikaita mara ya tatu. "Hodi wenyewe!"

Kimya. Basi nikageuka, nikaondoka.

Nilikuwa nimeshafika getini mwongozaji aliponikimbilia. "Unakwenda wapi?"

"Narudi."

"Kwa nini?"

"Sikukaribishwa."

"Lakini yumo ndani! Unajua kwamba yumo!"

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana narudi."

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa unarudi ulikotoka, bila kinyongo, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutotaka kukuona. Anayepiga ya nne ni mtu aliyekaukwa na haya, na watoto watamtania mtaa mzima. Nimelelewa hivyo tangu sijajua kusoma, na siku ile miguu ilinitangulia kabla akili haijakumbuka kwamba hii ni kazi. Maneno yangu ya kumliza simba niliondoka nayo tumboni. Mwongozaji alinishukuru, ile asante ya "tutakupigia", na kila mwigizaji anaijua.

"Eti ulifanya nini?" mwenzangu akauliza nilipomsimulia. Alicheka mpaka akakaa chini. "Si ungeingia tu! Hii ni Doha, nani atakuambia karibu? Mimi husimama kwa mlango siku mzima, najua. Mlango haikupendi!"

Nilimkasirikia, kisha nikamkasirikia mwongozaji, na mwishowe hasira zikanirudia mwenyewe. Simu haikulia. Siku ya mapumziko yangu ilipofika nikaoga, nikavaa, nikajitia manukato.

"Wamekuita?" mwenzangu akauliza.

"Hawakuniita."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Kuingia."

Nilimkuta mwongozaji ameshampata mdogo mtu, Mkenya wa Malindi anayelea watoto katika nyumba ya watu, mwanamke mwenye macho makubwa na maneno machache. Wa kuigiza dada mkubwa alikuwa bado hajampata. "Wewe ndiye uliyeondoka," akaniambia. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha hotelini kwamba anipe nafasi moja, na nisipoingia anifukuze. Akatazama saa, akaniashiria mlango.

Safari hii niliingia, tena vizuri mno. Nikagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, nikafungua, nikaingia na tabasamu. Hotelini nako ni mara tatu, ila huko ya tatu isipoitikiwa ndipo unapofungua kwa ufunguo wako. Kabla sijatamka neno, mkono wangu ulishaokota mto uliopinda pale kochini, ukaukung'uta na kuurudisha. Yule wa Malindi akaziba mdomo. Mwongozaji akaniuliza kama nimekuja kupatana na mdogo wangu au kumfanyia usafi, na watu wote mle ndani wakacheka.

Uso uliniwaka. Hasira zangu ziko karibu, mama anazijua. "Mara ya mwisho," nikasema, wala sikusema kwa kuomba. Nikatoka, nikaufunga mlango mwenyewe.

Pale nje ndipo nilipomfikiria kwa mara ya kwanza yule dada mkubwa, badala ya kujifikiria mimi. Huyu hana ufunguo. Na akirudi alikotoka, hana tena mdogo. Atafanyaje?

"Hodi."

Kimya.

"Hodi jamani."

Kimya.

"Hodi mwenyewe."

Kimya cha tatu kikanishika miguu. Kisigino kilishaanza kugeuka, nikakikandamiza pale pale. Nikaegemeza paji la uso mlangoni, nikapiga ya nne. Sikupaza sauti. "Hodi, mdogo wangu," nikasema, na haya zikanipanda kweli kweli, kana kwamba majirani wote wa kwetu wametoka barazani kunitazama, na sauti ikanikatikia njiani.

Nikasikia kochi likilia ndani. Yule wa Malindi alikuwa ameambiwa asifungue kinywa mpaka nitakapoingia, lakini naye ni mtu wa pwani, alijua nimefanya nini. "Karibu," akasema, na kilio kimeshamshika. "Karibu dada, pita."

Mwongozaji alituuliza kumetokea nini. Tukamweleza wote wawili kwa pamoja, na nina hakika hakuelewa nusu yake. "Hivyo hivyo," akasema. "Msibadilishe kitu."

Tulipiga picha Al Rayyan kwa siku chache, kwenye nyumba ya kukodi yenye mlango mbovu wa bluu. Bado natandika vitanda, lakini siku hizi watu wa matangazo wakinipigia huulizia sauti yangu, hawaulizi tena mkono.

Filamu ilipokamilika nilimtumia dada yangu. Akaiweka kwenye runinga ya sebuleni, akanipigia kwa video nimuone mama akiitazama. Mama alikuwa amekaa mkekani anachagua mchele kwenye sinia, miwani puani, hana haraka na mimi. Ukatokea mlango wa bluu, na mimi mbele yake, uso mzima.

Hodi ya kwanza, mama akatupa chuya. Ya pili, akatupa nyingine. Ya tatu, mkono ukasimama. Kimya kinachofuata ni kirefu, mwongozaji alikirefusha makusudi, na mimi kwenye simu yangu huku Najma nilisikia feni ya sebuleni kwetu.

"Rudi zako, mwanangu," mama akaiambia runinga taratibu. "Hawakutaki."

Ikaja ya nne.

"Karibu!" mama akaita, akainuka kuelekea mlango wa nyumba yetu. "Karibu mwanangu, pita! Nani kakufungia?"

Alimtangulia yule wa Malindi. Dada yangu alicheka mpaka simu ikatikisika, nikaona dari, nikaona mkeka, nikaona mchele umetapakaa sakafuni. Picha ilipotulia mama alikuwa ameshakaa tena, anajifuta macho kwa pembe ya kanga. Akavaa miwani yake, akanitazama.

"Haya, mwigizaji," akasema. "Ushanimwagia mchele."